Neno "Uzembe" Lisiwe Kifuniko

Kila inapotokea ajali ya ndege, hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi: rubani amezembea. Katika ofisi za Musoma na vyumba vya walimu vya Bunda na Butiama, hukumu hiyo hupokewa kama ukweli usiohitaji ushahidi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, na watu 19 wakapoteza maisha. Maji ya ziwa hilo ndiyo yanayopiga ufukwe wa Musoma. Jambo hili basi si la watu wa mbali.

Hukumu ya uzembe ni rahisi, na ndiyo maana ni ya hatari. Humwadhibu mtu mmoja, ikauacha mtambo wenye kasoro uendelee kuruka.

Tarehe 20 Novemba 1974 ndege kubwa ya Boeing 747 ya shirika la Lufthansa iliruka kutoka Nairobi ikaanguka mara. Kati ya watu 157 waliokuwamo, 59 walikufa. Katika ndege ile vibawa vya mbele, vinavyoisaidia kupaa, husukumwa kwa hewa itokayo kwenye injini. Vali za hewa hiyo zilikuwa zimefungwa, vibawa havikufunguka. Ni kweli kwamba binadamu alisahau. Lakini chombo chenye injini nne hakikuwa na onyo la kutosha la kuwaambia marubani kwamba hakiko tayari kuruka. Onyo hilo liliongezwa baadaye, watu wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 18 Aprili 1972, msiba uliifika East African Airways, mali ya Tanzania, Kenya na Uganda. Ndege yake aina ya Super VC10 ilikuwa ikikimbia kuruka mjini Addis Ababa, tairi ya mbele ikapasuka kwa kukanyaga chuma kilichoachwa njiani. Rubani aliamua kuisimamisha, lakini breki hazikushika sawasawa, kwa kuwa sehemu ya mfumo wake ilikuwa imeunganishwa kimakosa. Watu 43 kati ya 107 walikufa. Kosa hilo la breki lilifanyika mikononi mwa mafundi, kabla rubani hajaketi kitini.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inawatetea wazembe. La hasha! Mzembe na awajibishwe. Lakini adhabu peke yake haijengi usalama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani walikuwa wakikunja magurudumu ya ndege iliyokwisha kutua, wakidhani wanakunja vibawa, kwa kuwa swichi mbili zilifanana na zilikaa pamoja. Mtaalamu Alphonse Chapanis hakupendekeza viboko. Alipendekeza swichi moja iwe na umbo la gurudumu na nyingine umbo la kibawa, ili mkono utambue hata gizani. Hiyo ndiyo akili ya uongozi: kuondoa mtego badala ya kumlaani aliyenaswa.

Mkoa wa Mara umeusubiri kwa miaka mingi uwanja wa lami wa Musoma. Lakini lami na ndege mpya si mwisho wa kazi. Mtumishi wa umma aliyezoea kuona gari la serikali likilala juu ya mawe kwa kukosa kipuri kidogo anajua ugonjwa wenyewe: twashangilia siku ya kuzindua, twasahau fungu la matunzo. Mwezi Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyazuia mashirika yote ya ndege yenye vibali vya Tanzania kuruka katika anga yake, kwa sababu ya upungufu katika usimamizi wa usalama. Kuwatukana Wazungu hakutaondoa zuio hilo. Litaondolewa na mkaguzi asiyeogopa, fundi aliyefunzwa na daftari la matengenezo lisiloghushiwa.

Mwalimu na awafundishe vijana kuuliza swali la pili. Swali la kwanza ni nani aliyekosea. La pili, ambalo wakubwa hawalipendi, ni nani aliyeliacha kosa hilo liwe rahisi kutendeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika anga, ukuta hujengwa kwa makaburi.