Kompani na mashule wakae pa meza moja

Kila mwaka mashule yetu ya ufundi inatoa vijana wenye diploma ya umeme na ya mekanike. Wakifika ku mlango wa kompani wanaambiwa: hamujue kazi. Basi fundi anatoka mbali, na mtoto wa hapa anabaki kuendesha pikipiki.

Kosa ni la nani? Mwalimu anachora mota ku ubao sababu atelie ya shule haina mota. Hawezi kufundisha mashine ambayo yeye mwenyewe hajaigusa. Anayeijua ni kompani, na kompani haimwambie kitu.

Lakini kompani si mgeni katika jambo hili. INPP iliundwa mwaka 1964 kwa kutayarisha wafanyakazi, na kila mwajiri anapaswa kuilipa kati ya 1 na 3 kwa mia ya mishahara, kadiri ya hesabu ya watu wake. Kulipa tu haitoshe. Tunaomba kompani iseme mapema ni mafundi gani itahitaji miaka inayokuja. Itoe mota na pampu zake za zamani kwa mashule. Ipokee vijana kwa staji ya kweli, si ile ya kufagia na kubeba makaratasi.

Hata hivyo, tusiache kompani peke yake iandike programu. Sisi wa Katanga tunajua sababu. Gécamines ilikuwa na mashule yake, hospitali zake, nyumba zake. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka kwa ile iliyoitwa «départs volontaires». Mtu aliyejua mashine moja tu ya shimo, angeipeleka wapi? Bei ya shaba na ya kobalti inapanda, inashuka. Mtoto anahitaji ufundi unaobaki mkononi mwake hata siku ile shimo linafungwa: kusoma plani, kupima, kuhesabu, kutafuta kosa la mashine yoyote.

Ndiyo maana pa meza hiyo waitwe pia mapatroni wa maatelie madogo ya Katuba na Ruashi. Vijana wengi watafanya kazi kwao kuliko ku migodi.

Serikali ndiyo yenye kuita mkutano huo. Wazazi wanauza unga na makala kwa kulipa minerval. Wako na haki ya kujua kama masomo wanayolipia itamupa mtoto kazi.