Arusi ndani ya kasri, na mama je?

Kuishi kwingi, walisema wahenga, ni kuona mengi. Mnamo Januari mwaka huu, dada yangu mkubwa anayeishi Kikuyu alinipigia simu usiku huku sauti ikimtetemeka. Nilidhani kuna msiba. Kumbe ni arusi! Bintiye, ambaye ni muuguzi mjini Glasgow, alikuwa amemwarifu kwamba yeye na mchumba wake, kijana Mskoti, wataoana mwezi wa Septemba. Arusi yenyewe haitafungwa kanisani bali ndani ya kasri lililozungukwa na maji.

“Kasri ndilo nini hasa?” dada aliniuliza. “Na mimi nitafikaje huko? Niuze ng'ombe?”

Mpenzi msomaji, swali hilo halikuwa la mzaha. Dada ni mjane, na ng'ombe hao wawili ndio wanaomlipia kitinda mimba wake karo ya chuo kikuu.

Kwa bahati njema nalijua kasri lenyewe. Mwaka jana nilikwenda Uskoti kwa masomo mafupi, na mpwa wangu huyo huyo ndiye aliyenitembeza, ingawa hakunidokezea lolote kuhusu arusi. Leo nitawasimulia niliyoyaona, maadamu watoto wetu wengi wako ng'ambo na simu kama hiyo yaweza kulia nyumbani kwako kesho.

Kasri hilo huitwa Eilean Donan. Liko kaskazini-magharibi mwa Uskoti karibu na kijiji cha Dornie, juu ya kisiwa kidogo mahali ambapo mikono mitatu ya bahari hukutana: Loch Duich, Loch Long na Loch Alsh. Tuliabiri gari-moshi kutoka Inverness hadi Kyle of Lochalsh, safari ya muda wa saa mbili na nusu hivi, katikati ya milima na maziwa. Reli hiyo ilifika Kyle mwaka 1897, wakati ambapo huku kwetu reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ingali inajengwa. Kutoka Kyle tulipanda basi, na baada ya mwendo mfupi kasri likajitokeza, la mawe ya kijivu, likiunganishwa na nchi kavu kwa daraja refu la mawe.

Wapenzi wa filamu za Kihindi watalikumbuka katika “Kuch Kuch Hota Hai” ya mwaka 1998. Wale wa James Bond waliliona katika “The World Is Not Enough” ya mwaka 1999. Hata hivyo, historia yake yashinda sinema.

Ngome ya kwanza ilijengwa hapo katika karne ya 13. Mnamo Mei 1719, wakati wa uasi wa waliotaka kurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha enzi, kasri lilikuwa likilindwa na kikosi kidogo cha askari wa Kihispania waliokuja kuwasaidia waasi. Manowari tatu za serikali zikafika na kulimiminia mizinga. Baada ya kuliteka, mabaharia walitumia baruti iliyokuwa imewekwa humo humo na kulilipua. Likabaki magofu kwa muda wa karibu miaka 200.

Mwaka 1911 kisiwa hicho kilinunuliwa na John MacRae-Gilstrap, mtu wa ukoo ambao wazee wake ndio waliokuwa walinzi wa kasri hapo kale. Akishirikiana na msimamizi wake wa ujenzi, Farquhar MacRae, alilijenga upya jiwe kwa jiwe hadi mwaka 1932. Hiyo ni miaka 20 ya kazi! Watalii walianza kuruhusiwa kuingia mwaka 1955. Kwa hivyo, hayo makuta unayoyaona na kuyadhania ni ya enzi za mapanga na ngao, kwa kweli mengi yana umri usiofikia hata miaka 120.

Ndani yake tuliona jiko lililopangwa kama lilivyokuwa katika miaka ya 1930, na vyakula vya sanamu mezani vilivyonitia njaa ya bure. Juu kuna ukumbi wa karamu wenye mahali pakubwa pa kuotea moto na picha za wazee wa ukoo ukutani. Humo ndimo maharusi hula kiapo. Si ukumbi mkubwa. Wale wageni 300 tuliozoea kuwalisha pilau chini ya hema huku kwetu hawawezi kuingia hata kwa kusukumana kama abiria wa matatu.

Ukifika pande hizo, usirudi upesi. Ng'ambo ya Kyle kuna kisiwa cha Skye, ambacho tangu mwaka 1995 hufikiwa kwa daraja. Wenyeji walilalamikia ada ya kulivuka hadi ilipofutwa mwaka 2004, na sasa unapita bila kulipa hata ndururu. Kijiji cha Plockton kina miti inayofanana na minazi mbele ya nyumba, kwa maana upepo wa bahari hapo si mkali kama unavyotarajia. Huko Glenelg kuna minara ya mawe iliyojengwa bila saruji wala chokaa yapata miaka 2,000 iliyopita, na sehemu ya kuta zake bado imesimama. Milima inayoitwa Dada Watano wa Kintail nayo imesimama bega kwa bega juu ya Loch Duich. Tahadhari moja tu: wakati wa kiangazi kuna visubi wadogo sana wanaouma bila huruma. Nilijikuna hadi Glasgow.

Tukirudi kwa dada, jambo la kwanza lililomkera ni kanisa. Yeye ni muumini wa P.C.E.A., kanisa lililotokana na kazi ya wamishonari wa Kiskoti. Hata jina Thogoto, palipokuwa makao yao hapo Kikuyu, latokana na neno “Scot”. Sasa alishangaa: iweje Waskoti waliotuletea kanisa wamwoze mwanawe nje ya kanisa?

Nilimweleza kwamba sheria ya Uskoti hutazama zaidi anayefungisha ndoa kuliko jengo. Mchungaji aliyeidhinishwa aweza kufungisha ndoa kanisani, bustanini au katika kasri. Nayo sheria ya mwaka 2002 iliruhusu ndoa za serikali zifungwe nje ya ofisi za wasajili, katika mahali palipokubaliwa. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kumwomba mchungaji wa Church of Scotland. Dada aliposikia hivyo, alishusha pumzi.

Utaratibu wenyewe wahitaji uangalifu. Kila mmoja wa maharusi hujaza fomu iitwayo M10 na kuipeleka kwa msajili wa eneo ambako arusi itafanyika. Haipokewi mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya siku hiyo, wala haifai kuchelewa hadi zikabaki chini ya siku 29. Msajili akiridhika hutoa hati ya ndoa. Bila hati hiyo mchungaji hawezi kufungisha lolote, hata kama keki imekatwa na zumari inalia. Baada ya kiapo, hati hutiwa sahihi na maharusi wawili, mashahidi wawili na mchungaji, kisha hurejeshwa kwa msajili katika muda wa siku tatu.

Hebu hesabu, msomaji. Sahihi tano! Mengine yote ni mapambo: ile sketi ya miraba wavaayo wanaume wa Kiskoti, mpiga zumari ya mfuko, bakuli la fedha lenye mikono miwili ambalo maharusi hunywea pamoja, na ngoma za usiku. Ni mapambo mazuri, sikatai. Lakini mipango si matumizi.

Basi nilimpigia simu mpwa wangu, nikamwomba anisomee orodha yake ya gharama. Akasoma: ukumbi, chakula cha watu 70, gari la kizamani la kukodi, mpiga picha wa ardhini na mwingine wa kamera ya kuruka angani. Akasoma hadi mwisho.

“Na mama yako yuko wapi kwenye orodha?” nikamuuliza.

Kimya. Kisha akasema, “Mjomba, nilidhani nyinyi mtaunda kamati ya arusi, mumchangie nauli.”

Sikumgombeza. Nilimweleza tu habari za ng'ombe wawili na karo ya nduguye, habari ambazo mama mtu alikuwa amemficha ili asimharibie furaha. Alilia. Nami, nakiri, koo lilinikauka.

Wiki mbili baadaye alinipigia tena. Yeye na mchumba wake walikuwa wamekaa na kalamu. Gari la kizamani limeondolewa. Kamera ya angani imeondolewa. Wageni wamepungua kutoka 70 hadi 24, na badala ya karamu kasrini watakula katika mkahawa wa kawaida kijijini. Kiapo kitaliwa ukumbini kama walivyopanga. Fedha zilizobaki zimelipia nauli ya mtu mmoja, kutoka Nairobi kwenda na kurudi. Wazazi wa kijana wakasema mgeni huyo atalala kwao, wala asithubutu kutafuta hoteli.

Ng'ombe wangali zizini. Jamaa wa Kikuyu watakutana Desemba kwa ibada ya shukrani, maharusi watakapokuja. Tutachinja mbuzi, wala hakuna atakayeitishwa mchango.

Limebaki jambo moja. Dada amekwisha kupeleka maombi ya viza pamoja na barua ya mwaliko, na bado tunangoja jibu. Kila jioni hunipigia kuuliza kama kuna habari. Juzi aliuliza pia kama huko kuna baridi Septemba. Nilimwambia achukue sweta mbili.

Wazazi na vijana wanaopanga arusi, iwe Uskoti au Uthiru, andikeni kwanza majina ya wale ambao bila wao siku hiyo haitakuwa siku. Kisha ndipo mtafute ukumbi.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.