Taharuki Haifi kwa Kuujua Mwisho

Tumefundishwa, na tunaendelea kufundishana, kwamba taharuki ni mtazamaji kutojua kitakachotokea, na kwamba mtunzi hodari wa tamthilia ni yule anayeuficha mwisho. Nayapinga mafundisho hayo. Yanawafanya vijana wetu waisome tamthilia kama wanavyotegua kitendawili: jibu likipatikana, kazi imekwisha.

Tuchukue Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, iliyotoka mwaka 1969. Nani kati yetu aliifungua bila kujua mwisho wake? Vita hivyo vilianza 1905, na mtoto wa shule ya msingi anajua kuwa maji hayakuzuia risasi. Hussein hana cha kuficha. Anachofanya ni kututwika ujuzi wetu wenyewe. Kinjeketile, mhusika mkuu, anatoka mtoni na ahadi ya maji ya kuwakinga watu na risasi, watu wanapata matumaini, nasi tuliokaa vitini hatuwezi kushangilia pamoja nao wala kuwaonya. Kinaya hicho ndicho kinachotubana pumzi.

Kisha kamba inakazwa. Kinywa kilekile kilicholeta ahadi kinatamka kwamba Mjerumani akiondoka, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Kinjeketile anashtuka: ametumwa awakomboe, au awabadilishie bwana? Anaanza kulitilia shaka neno lake, ila neno limekwisha kuwafikia watu na halimtii tena. Hapo swali la nini kitatokea linakuwa dogo. Kubwa ni hili: mtu aifanye nini imani iliyowaunganisha wanyonge, ikiwa yeye mwenyewe haiamini tena? Mwishoni, akiwa kifungoni, anakataa kusema kwamba maji ni uongo. Kukataa huko kunatuelemea kwa sababu tunajua gharama yake.

Wala Hussein hakuwa wa kwanza. Watazamaji wa Athens walikijua kisa cha Edipode kabla Sophocles hajakileta jukwaani. Walikwenda kumtazama mfalme akimsaka mhalifu kwa bidii, huku wao wakijua kuwa anajisaka mwenyewe.

Kwa hiyo nawasihi walimu na waongozaji: msiishie kuuliza mwisho ulikuwaje. Ulizeni tulijua nini ambacho mhusika hakukijua, tulikijua tangu onyesho lipi, na kilitufanya tumtazame vipi. Mwanafunzi atakayejibu hayo ataisoma Kinjeketile mara ya pili kwa hamu kubwa kuliko ya kwanza.