Historia si Orodha ya Majina: Maoni juu ya Kufundisha Cheo cha Waziri Mkuu wa Uingereza

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka jana nilikaa nyuma ya darasa la sita nikimsikiliza mwanachuo wetu mmoja akifundisha habari za utawala wa Waingereza. Alikuwa amejiandaa vema. Mwandiko wake ubaoni ulisomeka, na andalio lake la somo halikuwa na kasoro. Aliandika majina kumi ya mawaziri wakuu wa Uingereza pamoja na miaka yao, akawataka watoto wayasome kwa sauti moja mara tatu. Ndipo msichana mmoja aliponyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, hawa walikuwa wakiondolewa na nani?" Mwalimu alisita, akajibu kwamba jambo hilo halimo katika somo la leo, kisha akafuta ubao.

Kwa maoni yangu, swali la mtoto yule ndilo lililokuwa somo lenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu cheo cha waziri mkuu wa Uingereza hakieleweki kwa kutaja majina. Hakuna sheria iliyokiunda siku moja. Kilijitokeza polepole, mfano wa njia ya miguu inayofanyika kwa kukanyagwa na wapitao. Robert Walpole, aliyetawala tangu 1721 hadi 1742, ndiye huhesabiwa kuwa wa kwanza. Lakini cheo chake rasmi kilikuwa Bwana wa Kwanza wa Hazina, na jina la "waziri mkuu" lilitumiwa na wapinzani wake kumsimanga. Jina hilo lilitambuliwa rasmi katika orodha ya vyeo vya dola mwaka 1905 tu. Je, Walpole alitawala kwa nguvu gani? Alikuwa na imani ya mfalme na kura za wabunge. Kura zilipompungukia mwaka 1742 alijiuzulu, ingawa mfalme alikuwa bado anamtaka.

Kuanzia hapo, kila hatua kubwa ya historia ya cheo hiki ni jibu la swali la yule msichana. Mwaka 1834 Mfalme William wa Nne alimwondoa Melbourne akamweka Robert Peel. Uchaguzi ukafanyika, Peel akakosa wabunge wa kutosha, na mwaka 1835 mfalme alilazimika kumrudisha Melbourne. Tangu wakati huo hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyemfukuza waziri mkuu. Mei 1940, Neville Chamberlain alishinda kura bungeni kwa 281 dhidi ya 200. Alishinda, lakini wengi wa upande wake mwenyewe walimpinga au walikataa kupiga kura, naye akajiuzulu baada ya siku mbili. Mwezi Machi 1979, serikali ya James Callaghan ilianguka kwa kura 311 dhidi ya 310. Uchaguzi uliofuata ulimleta Margaret Thatcher, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho. Naye mwaka 1990 alijiuzulu baada ya wabunge wa chama chake mwenyewe kumwacha mkono. Walpole alidumu zaidi ya miaka 20. Liz Truss, mwaka 2022, alidumu siku 49. Cheo ni kilekile. Tofauti iko kwa wale waliowabeba.

Hata hivyo, mwalimu asikomee London. Mwaka 1947 serikali ya Clement Attlee ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Mpango ulishindwa, na ulipoachwa mwaka 1951 hasara ilikuwa yapata pauni milioni 36. Mawaziri waliulizwa maswali bungeni, na mwaka huohuo wapiga kura wa Uingereza walimwondoa Attlee. Lakini watu wa Kongwa, ambao ardhi yao ndiyo iliyolimwa, hawakuwa na mbunge hata mmoja katika Bunge lile. Basi swali la "nani angeweza kumwondoa?" lilikuwa na jibu moja kwa Mwingereza na jibu jingine kwa Mtanganyika. Mtoto akiliona hilo, ameelewa ukoloni ulikuwa nini, na ameelewa watu walidai nini walipoijenga TANU tangu 1954.

Nawashauri walimu wanafunzi wajaribu hivi. Chagueni mawaziri wakuu watatu tu: Melbourne, Chamberlain na Callaghan. Kwa kila mmoja watoto wajibu maswali mawili: alishikiliwa na nani, na aliangushwa na nani? Kwa habari ya 1979, tengenezeni bunge darasani. Kila mtoto apewe punje moja ya mahindi, aiweke katika kikombe cha ndiyo au cha siyo, kisha punje zihesabiwe mbele ya wote. Mwisho wake, watoto wa safu moja wanyimwe punje na waambiwe kwamba wao ni Tanganyika ya 1947. Waulizeni wamejisikiaje. Zana hizi hazihitaji fedha, ila zahitaji mwalimu asiyeogopa kelele kidogo. Msisahau pia kuwaeleza kwamba waziri mkuu wetu si sawa na wa Uingereza: yeye huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge.

Wapo wakufunzi wenzangu wasemao kwamba mtihani huuliza majina na miaka. Ni kweli, na ninakubali kwamba kwa njia hii majina yatakayofundishwa yatakuwa machache. Lakini mtoto aliyehesabu punje hatausahau mwaka 1979, na aliyeimba majina kumi huyapoteza kabla ya likizo. Wengine husema, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto akizoea kuuliza wakubwa wanaondolewaje, hatakawia kumhoji na mwalimu wake. Naam, huenda ikawa hivyo. Mwalimu anayejua somo lake atamjibu. Asiyejua atakwenda kusoma, amjibu kesho. Sioni hasara katika hayo. Hasara ninayoiona ni mtoto anayemaliza darasa la saba akiamini kwamba madaraka ni mali ya watu wakubwa wenye majina magumu.

Sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Siku ile nilimpa mwanachuo yule alama nzuri. Niliusifu ubao, nikaisifu sauti yake, nikausifu utulivu wa darasa. Juu ya swali la msichana sikuandika neno, kwa kuwa fomu ya ukaguzi haikuwa na nafasi yake, nami sikujishughulisha kuitafuta pembeni. Mwanachuo alijifunza kutoka kwangu kwamba amefanya vema kufuta ubao. Ndugu walimu wanafunzi, msiufute. Swali la namna ile likiulizwa, acheni chaki, mgeukieni mtoto, na muanzie somo hapo.