Aliir acheze wapi? Swali la Adelaide linatuhusu hadi Kakuma

Nchini Australia, siku moja au mbili kabla ya mechi ya ligi yao kubwa, AFL, klabu hutangaza vikosi na ubishi huanza papo hapo. Majina hupangwa kwa mistari ya watu watatu watatu, kuanzia mabeki wa mwisho hadi washambuliaji wa mwisho. Kila shabiki anajua kwamba kocha anaweza kuupindua mpango huo wote filimbi ikishalia. Hata hivyo wanabishana kazini, kwenye treni na baa. Huyu kwa nini amewekwa pembeni? Yule mrefu si angefaa mbele? Na huyu wa tatu, nani kamdanganya kocha kwamba ni kiungo?

Msomaji anayevusha mitumba Malaba au mchele Mutukula anaweza kuuliza ubishi huo unamhusu nini. Unamhusu, kwa sababu mmoja wa wachezaji wanaobishaniwa hivyo alizaliwa kwenye njia ya malori yetu, katika kambi ya Kakuma, Kaunti ya Turkana.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Mpira wa Australia si soka na si raga. Unachezwa kwenye uwanja wa duara refu kama yai, na mpira wenyewe una umbo la yai vilevile. Kila timu huwa na wachezaji 18 uwanjani. Kila upande una milingoti minne: mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya ile miwili ya katikati ni pointi 6, ukipita pembeni yake ni pointi moja. Mchezaji akiudaka mpira uliopigwa umbali wa mita 15 au zaidi kabla haujagusa chini, mchezo husimama kwa ajili yake na hupewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Hakuna kuotea. Mtu yeyote anaweza kwenda popote.

Hapo ndipo nafasi za wachezaji zinapokuwa jambo la kubishaniwa. Ukiwa huna mstari wa kuotea wa kukuzuia, mahali pako panatokana na kazi unayoiweza. Yuko mtu mrefu wa katikati, wanayemwita raki, anayeruka kugombea mpira mwamuzi anapouanzisha. Wako wafupi wenye mbio wanaookota mpira miguuni pake. Wako mawinga wa kukimbia mchana kutwa. Nyuma kuna beki wa kumganda mshambuliaji mtu kwa mtu, na beki wa aina nyingine anayeachwa huru kidogo ili ausome mpira unakotoka na kuudaka kabla haujamfikia adui. Tangu 2019 kanuni inataka kila timu iwe na watu sita nyuma, sita katikati na sita mbele mpira unapoanzishwa katikati. Baada ya hapo ni akili ya kocha na mapafu ya wachezaji.

Sasa mtazame Aliir Aliir wa Port Adelaide. Alizaliwa Kakuma mwaka 1994, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita vya Sudan. Familia ilipelekwa Australia yeye akiwa bado mtoto, na mchezo huu aliukuta huko. Klabu ya Sydney ilimchagua mwishoni mwa 2013, na mechi yake ya kwanza ya ligi kuu akaicheza 2016. Ana urefu, ana msuli na anaruka. Mtu wa namna hiyo kila mmoja humtakia kazi yake. Mwaka 2020, Sydney ilipopungukiwa na watu warefu, akatumika kama raki. Mwisho wa mwaka huo akahamia Port Adelaide, akarudishwa nyuma na kupewa uhuru wa kuusoma mpira. Msimu uliofuata, 2021, akachaguliwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima.

Mtu ni yuleyule, urefu ni uleule. Kilichobadilika ni pale aliposimamishwa na kile alichoombwa kufanya. Ubishi haukuisha kwa tuzo hiyo, maana hakuna ubishi wa mashabiki unaokwisha. Kabla ya mechi na mahasimu wao wa mjini, Adelaide, ile inayoitwa Showdown, kuna wanaotaka amgande mshambuliaji mrefu wa wapinzani, na kuna wanaosema kumfunga kwa mtu mmoja ni kupoteza macho yake. Timu ikikosa magoli, hatakosekana wa kusema apelekwe mbele.

Si yeye peke yake. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, aliyekuwa Msudani wa kwanza kuchaguliwa na klabu ya AFL, alianza North Melbourne kama raki na mshambuliaji, na mwaka 2018 akaonekana mpya kabisa alipowekwa ulinzi. Mac Andrew, wa wazazi wa Sudan Kusini, aliitwa na Gold Coast mwaka 2021 akiwa chaguo la tano la nchi nzima, akitajwa kama raki. Ulinzi ndio uliomjengea jina. Watatu wote walitazamwa kwanza kwa urefu. Walipotazamwa kwa jicho lao la mpira, mahali pao pakajulikana.

Huu ndio msimamo wangu: ubishi ule wa mashabiki, pamoja na makelele yake, ni heshima kubwa kwa mtu. Anayebishana kuhusu nafasi yako ameshakubali kwamba uko kwenye timu. Swali lake ni utafaa wapi zaidi. Kwetu Afrika Mashariki, mtoto aliyezaliwa Kakuma mwaka uleule na Aliir na akabaki pale, hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu mwenye mamlaka. Kwa zaidi ya miaka 30, tangu kambi ifunguliwe 1992, tumebishana jambo moja tu juu yake: abaki au aondoke.

Tusiwapambe Waaustralia kupita kiasi. Daw alitukanwa kwa rangi yake na watazamaji. Januari 2018 waziri wao wa mambo ya ndani, Peter Dutton, alisema watu wa Melbourne wanaogopa kwenda mikahawani usiku kwa sababu ya magenge ya Kiafrika, na vijana wengi wasio na kosa wakatazamwa kwa jicho hilo. Tena nchi hiyohiyo, tangu 2013, imekuwa ikiwakatalia makao wanaofika kwa mashua kuomba hifadhi. Wengi walipelekwa visiwa vya Nauru na Manus. Kuna mlango wa anayechukuliwa kambini kwa utaratibu na mlango wa anayejileta mwenyewe, na wa pili umefungwa. Lakini yule waliyemwingiza kwa mlango wa kwanza walimpa shule, karatasi za uraia, na uwanja wa kujaribiwa. Karatasi hizo ndizo zilizomfanya kocha ahangaike na nafasi yake badala ya kibali chake.

Sasa turudi nyumbani. Mfanyabiashara wa Kitale au Eldoret anayepeleka unga, mafuta na maharage Kakuma anajua kwamba pale hapana watu waliokaa mkono shavuni. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo ni tawi la Benki ya Dunia, lilitoa utafiti uliokadiria uchumi wa Kakuma kuwa wa dola milioni 56 kwa mwaka, ukiwa na biashara zaidi ya 2,000 kambini. Chini ya mpango wa Bamba Chakula, ulioanza 2015, sehemu ya msaada wa chakula ilianza kutumwa kwa simu, na maduka ya wakimbizi na ya wenyeji Waturkana yakaingizwa katika kuuza. Hapo kuna Wasomali, Wakongo, Warundi, Wasudan Kusini na Waethiopia, kila mmoja na lugha yake na ndugu zake upande wa pili wa mpaka. Dalali gani wa mpakani asiyetamani mtandao kama huo?

Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtambua mkimbizi kuwa mtu anayeweza kufanya kazi na biashara. Vizuri. Lakini kutoka eneo alilopangiwa kunahitaji kibali. Mwenye duka Kakuma anayetaka kwenda Nairobi kujichagulia mzigo hawezi kupanda basi asubuhi kama wewe. Ama asubiri karatasi, ama amtumie mtu na kumlipa. Gharama hiyo inaingia kwenye bei ya kilo ya sukari, na anayeilipa mwishoni ni mnunuzi, mkimbizi na Mturkana kwa pamoja. Huyo ni mchezaji aliyeambiwa yumo kikosini, kisha akachorewa duara la chokaa miguuni.

Kuna kifungu kingine katika sheria hiyo ambacho wasomaji wa gazeti hili wanapaswa kukijua. Kinasema mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza, kwa hiari yake, kuiacha hadhi ya ukimbizi ili anufaike na haki za Jumuiya. Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo 2022, Somalia ikakubaliwa 2023. Burundi ilikuwamo kitambo. Maana yake wakazi wengi wa Kakuma ni wananchi wa Jumuiya yetu. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu 2010, inawaahidi kuvuka, kufanya kazi na kufungua biashara.

Lakini angalia mtego uliopo. Ili upate haki ya mfanyabiashara, uweke chini kinga ya aliyekimbia vita. Mtu ambaye nyumba yake iliteketezwa Jonglei au Kivu atakubali kweli? Na akikubali, pasipoti ataiomba kwa serikali ipi, ileile aliyoikimbia? Hakuna sababu ya kumlazimisha achague. Anaweza kulindwa asirudishwe kwenye hatari, na wakati huohuo akaruhusiwa kusafirisha mzigo. Uganda imeonyesha hivyo. Sheria yake ya 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na leo nchi hiyo inahifadhi zaidi ya watu milioni moja na nusu. Ina shida zake, hasa ya fedha, lakini haijaanguka kwa sababu Msudan Kusini ameuza vitenge Arua.

Wapo watakaosema usalama. Hoja hiyo haipuuzwi na yeyote aliyeona msiba wa Garissa wa 2015. Lakini mtu mwenye kitambulisho, leseni ya biashara na namba ya simu iliyosajiliwa ni rahisi kumjua kuliko yule anayepita njia za panya kwa sababu ya halali imefungwa. Wapo pia watakaosema Waturkana waliwapokea wageni wakiwa wao wenyewe maskini, na kuni, maji na malisho yamepungua. Hiyo ni kweli tupu. Mpango wowote utakaompa mkimbizi nafasi na kumwacha mwenyeji akitazama kutoka jukwaani utazaa uhasama.

Machi 2025 serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, wenye lengo la kuzigeuza Kakuma na Dadaab kutoka kambi kuwa miji ambamo wakimbizi na wenyeji wanaishi na kuhudumiwa pamoja. Ni hatua kubwa kwa nchi ambayo mwaka 2021 ilitangaza kuzifunga kambi hizo. Kipimo chake kiwe hiki: je, mwenye duka wa Kakuma ataweza kwenda Kitale na kurudi bila kuomba ruhusa ya safari? Je, ataweza kupita Nadapal na bidhaa zake akitumia utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000, kama mnavyoutumia ninyi Busia na Namanga? Kama jibu ni hapana, tutakuwa tumebadilisha ubao wa lango tu.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina sauti katika vikao vya kamati za mipaka na kwenye Bunge la Arusha. Viitumie kwa jambo hili. Msilidai kwa huruma. Lidaini kwa hesabu. Kila mnunuzi anayeweza kusafiri ni mteja wenu mpya, na kila muuzaji anayejua lugha tatu ni wakala ambaye hamjamwajiri.

Wikiendi nyingine Adelaide watabishana tena kama Aliir akae nyuma au apande mbele. Waache wabishane. Wanagombania mtu wanayemhitaji. Kakuma na Dadaab zina maelfu ya watu ambao hatujakaa chini kuulizana wangetufaa wapi, na muda wa kuulizana ni sasa, kabla kanuni za Shirika hazijakauka wino.