Nani ameshika simu?

Ukipita Mwanjelwa au Miyomboni utaona kamera za ulinzi madukani na kwenye mageti, na sasa parokia nazo zinanunua. Sishangai. Februari 2023 kanisa kuu la Jimbo la Geita lilivamiwa usiku, vitu vitakatifu vikaharibiwa, hata Askofu akalifunga kwa sala za malipizi. Nani atawalaumu waamini wa Mbeya na Iringa wakichanga?

Ila zinazouzwa siku hizi ni za aina nyingine. Ndogo kama ngumi, gamba lake haliogopi jiwe wala masika, na mtu aliye mbali huigeuza kwa simu na kuivuta sura ya mtu karibu. Simu hiyo anayo nani? Paroko, katibu wa halmashauri ya walei, au kijana aliyeifunga na bado anaijua nywila?

Nje ya kanisa wapo wanaosubiri kuungama. Yupo mama anayemjia paroko jioni, jicho limevimba. Jirani naye ana ua wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na zitunzwe salama. Kanisa lenyewe, tangu 1988, linamwadhibu anayerekodi maungamo kwa chombo.

Hagari jangwani alimwita Mungu Aonaye. Alikuwa ameonwa, na ameitwa kwa jina.

Halmashauri iwaandike wenye nywila, wawili tu, na majina yabandikwe mlangoni kabla fundi hajapanda ngazi.