Usibane Pesa Kwenye Kiungo cha Waya



Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Tangu wakati huo nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya nchi yetu. Mahali nguzo zilipo mbali, watu hununua sola. Haya ni maendeleo. Lakini umeme ukiingia nyumbani, huja na wajibu.

Hapa kwetu Chiungutwa, mkulima akishauza korosho anaweza kununua waya, balbu na swichi. Akifika kwenye viungo vya waya, pesa imekwisha. Wapo wanaosema, "Sokota tu, funga na nailoni." Mimi sikubaliani nao.

Waya mzima hupitisha umeme vizuri. Kiungo kilicholegea huuzuia, na hapo joto hutokea. Joto huyeyusha plastiki, na nailoni hushika moto. Kama paa ni la nyasi, nyumba nzima imo hatarini.

Kwa hiyo tumia konekta, yaani kiungio chenye skrubu ndani ya kifuniko cha plastiki. Lakini konekta zote si sawa. Ichague kwa kufuata waya.

Kwanza, angalia waya umetengenezwa kwa nini. Shaba ni nyekundu. Aluminiamu ni nyeupe kama sufuria. Usiruhusu ziunganishwe kwa kusokotwa pamoja. Aluminiamu hufanya utando usiopitisha umeme, na penye unyevu huliwa ikigusana na shaba. Zipo konekta zilizotengenezwa kwa ajili ya kuunganisha hizo mbili. Omba hizo.

Pili, angalia unene. Waya wa taa mara nyingi ni wa milimita 1.5 za mraba, na wa soketi ni 2.5. Konekta ikiwa ndogo, wengine hukata nyuzi za waya ili uingie. Huko ni kuudhoofisha waya.

Tatu, angalia nyuzi. Waya wa nyuzi nyingi nyembamba hutawanyika chini ya skrubu. Fundi auvishe kifuko cha shaba kwenye ncha, akibane kwa koleo lake, ndipo autie katika konekta.

Wala usidharau sola. Pasi ya wati 1,150 katika umeme wa volti 230 huvuta ampea 5. Taa za wati 60 katika betri ya volti 12 nazo huvuta ampea 5. Kiungo kibovu kitapata joto lile lile.

Utasema, "Hiyo ni kazi ya fundi." Ni kweli. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA. Usifungue waya wenye umeme, wala usiguse waya unaotoka kwenye nguzo. Huo ni wa TANESCO. Lakini nyumba ni yako, na watoto wanaolala humo ni wako.

Nawe sasa unajua kusoma. Dukani, soma namba iliyo kwenye waya. Kisha soma namba iliyo kwenye konekta: milimita ngapi, ampea ngapi? Konekta ikiutosha waya, lipa. Isipoutosha, irudishe. Kisomo ni kwa ajili ya kazi kama hiyo.